Kulea vifaranga wa gapi, moli na plati Dodoma: tangu tumboni mwa mama hadi umri wa miezi mitatu

Gapi akizaa usiku ndani ya tangi lenye samaki wengine, asubuhi utakuta vifaranga wawili watatu wamejibanza nyuma ya filta, na wenzao thelathini hawapo. Wameliwa, na huenda aliyeanza kuwala ni mama yao. Hilo ndilo watu wengi wanalolihofia. Lakini katika miaka niliyofuga samaki hawa hapa Dodoma, vifaranga wengi nilioondokewa nao hawakuliwa. Walikufa ndani ya chombo chao wenyewe, mbali na mdomo wa yeyote, kati ya siku ya nne na ya kumi, maji yakionekana safi kabisa kwa macho. Nimeandika mwongozo huu hasa kwa ajili ya siku hizo.

Nazungumzia samaki wa mapambo wanaozaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai: gapi, moli, plati na swoditeli, yule ambaye dume lake lina mkia wenye ncha kama upanga. Mimba ya gapi huchukua siku 21 hadi 30 hivi, na maji yakiwa ya baridi huchelewa zaidi. Jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, kwa hiyo usishangae jike uliyemnunua peke yake akizaa, akapumzika mwezi mmoja, akazaa tena bila kuonana na dume.

Yafahamu maji yako kwanza

Tazama birika lako la chai. Kwa wengi wetu mjini hapa lina ukoko mweupe chini, na sabuni ya kipande inachelewa kutoa povu. Hayo ni maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu ya kutosha. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu kwa miaka mingi imetoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, na maji yanayokaa ardhini muda mrefu huyeyusha madini ya miamba.

Kwa samaki wetu hiyo ni neema. Moli, plati na swoditeli asili yao ni Mexico na Amerika ya Kati, ambako mito mingi hupita kwenye miamba ya chokaa. Gapi asili yake ni kaskazini mwa Amerika ya Kusini na visiwa vya jirani kama Trinidad. Wote hustawi kwenye pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) kati ya 7 na 8 na kidogo juu yake. Moli akiwekwa kwenye maji laini huanza kutikisika mwili mzima akiwa amesimama mahali pamoja, kama mtu mwenye homa. Kwa hiyo usinunue dawa ya kulainisha maji, na usihangaike kuwakingia maji ya mvua.

Neema hiyo ina upande wake wa pili, na hapa ndipo vifaranga wangu walipokuwa wakiishia. Kinyesi cha samaki na chakula kinachooza hutoa amonia. Amonia hukaa majini katika hali mbili, moja ikiwa na sumu kali na nyingine ikiwa na madhara madogo. Kiasi cha ile yenye sumu kinategemea pH na joto: kutoka pH 7 hadi 8 sehemu hiyo huongezeka karibu mara kumi. Punje zile zile za chakula zilizooza, ambazo kwenye maji laini samaki wangezistahimili, kwenye maji yetu zinaua. Shika hilo, kwa sababu karibu kila ninalolieleza huko mbele linatokana nalo.

Wiki nne kabla: andaa chombo na sponji

Vile viboksi vidogo vya plastiki vinavyoning'inizwa ndani ya tangi vinafaa kwa mama wakati wa kuzaa, kwa saa chache tu. Usilelee humo. Maji yake ni kidogo, hayazunguki vizuri, na chakula hulala chini. Tafuta chombo cha lita 20 hadi 40 kwa vifaranga thelathini. Tangi la kioo linapendeza kwa sababu unawaona kwa ubavu, ila diaba jeupe la plastiki lisilowahi kubeba sabuni wala rangi linafanya kazi ileile. Usiweke mchanga wala kokoto chini. Sakafu tupu inakuonyesha uchafu wote, na unaufyonza bila kazi.

Filta ya kufaa ni ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Filta yenye mota hufyonza vifaranga. Kama huna budi kuitumia, funika mdomo wake kwa sponji. Sasa sikiliza hili vizuri: sponji mpya haisafishi amonia. Kinachoisafisha ni bakteria wanaoota ndani yake, na hao huchukua wiki tatu hadi sita kutosha. Ndiyo maana ninasema anza mapema. Iweke sponji hiyo ikiwa inafanya kazi ndani ya tangi lako kubwa, kisha ihamishie kwenye chombo cha vifaranga siku mama anapokaribia. Itakuja na bakteria wake tayari. Kama mama amekushtukiza na huna sponji iliyozoea, utalazimika kubadilisha maji kila siku, na nitaeleza namna yake.

Pampu iweke juu kuliko usawa wa maji. Umeme ukikatika, maji yanaweza kurudi kwa njia ya mpira na kuiharibu.

Weka pia kitu cha kujificha. Mmea wowote wa majini wenye majani membamba unafaa. Usipoupata, nunua nyuzi za kufumia za rangi ya kijani zisizochuja, zikate urefu wa shibri moja, zifunge pamoja kwenye kipande cha kizibo cha plastiki kinachoelea, na uzioshe kwa maji ya moto bila sabuni. Vifaranga huingia katikati yake kama kuku chini ya kichaka.

Onyo la chandarua

Boksi langu la kwanza la kuzalia nililishona mwenyewe kwa kipande cha chandarua kuukuu. Nilijisifu kwa kazi nzuri. Asubuhi mama na watoto wote walikuwa wamelala chini, wamekufa. Vyandarua vingi tunavyolalia vimetiwa viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, ambavyo kwa samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo sana, na kufua hakuviondoi vyote. Ukitaka neti, mwombe fundi cherehani kipande cha neti laini ya shela. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo ni ya jamii hiyohiyo mara nyingi: ukipuliza chumbani, zima kwanza pampu ya hewa, kwa kuwa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja majini, kisha funika tangi hadi hewa itoke. Afadhali zaidi usipulize kabisa chumba chenye samaki.

Kumtambua mama aliyekaribia

Angalia doa jeusi lililo nyuma ya tumbo, jirani na tundu la haja. Linakua na kukolea siku zinavyokwenda. Kwa gapi wa rangi nyepesi unaweza hata kuona vidoti vidogo ndani yake, macho ya watoto. Kwa moli mweusi doa halionekani, hivyo tegemea umbo: tumbo linaacha kuwa la mviringo na kuwa kama pembe nne, limeshuka mbele. Katika saa za mwisho mama hujitenga, hukaa pembeni au karibu na hita, huhema haraka na kukataa chakula.

Hapo ndipo umhamishe, usimwahishe kwa siku tano. Jike aliyefungiwa muda mrefu kwenye boksi finyu hufadhaika, na anaweza kuzaa kabla ya wakati. Watoto hao utawatambua kwa kifuko cha njano kilichobaki tumboni. Wengi huishia chini na hawainuki. Kumhamisha tumia kikombe, akiwa ndani ya maji. Wavu unambana tumbo.

Mimi siku hizi situmii boksi kabisa. Ninamweka mama kwenye chombo cha vifaranga chenyewe, nyuzi zikiwa zimejaa nusu ya maji, nafunika kwa kitambaa ili pawe na kiza kidogo, na kumlisha vizuri. Akimaliza namrudisha. Wachache wanaliwa, ila mama anapona vizuri, na kwangu hilo lina uzito.

Kuzaa huchukua saa kadhaa, wakati mwingine usiku kucha. Gapi mchanga anayezaa mara ya kwanza anaweza kutoa kumi tu. Jike mkubwa hutoa hamsini na zaidi. Kila mmoja ana urefu wa milimita 6 hadi 8, anazaliwa amejikunja, anazama, kisha ananyooka na kuanza kuogelea. Wasiojaliwa kuinuka wataonekana ndani ya saa chache. Watoe mara moja, maana mfu mmoja kwenye lita 20 ni amonia ya kutosha kudhuru wengine.

Chakula: mara nyingi, kidogo sana

Siku ya kwanza subiri saa chache baada ya kuzaliwa, kisha anza. Vifaranga hawa huzaliwa wakubwa kuliko wale wa samaki wanaotaga, kwa hiyo wanaweza kula unga laini tangu mwanzo. Saga chakula cha kawaida cha samaki wa mapambo kati ya vidole hadi kiwe kama vumbi la unga wa sembe, na udondoshe kiasi kinachoshika kwenye ncha ya kijiti cha meno. Kilicho baki baada ya dakika tatu kilikuwa kingi. Lisha mara nne hadi tano kwa siku katika wiki mbili za mwanzo: kabla ya kutoka kwenda kazini asubuhi mpe mtu wa nyumbani karatasi ndogo zilizokunjwa, kila moja ikiwa na mlo mmoja. Mtoto wa shule akiachiwa kopo zima, atalisha kwa upendo mpaka awaue.

Usipokuwa na chakula cha dukani, dagaa wakavu wa Ziwa Victoria wanatosheleza kwa sehemu. Chagua wasiotiwa chumvi, waoshe mchanga, waanike tena wakauke kabisa, watwange, na upitishe unga kwenye kichujio cha chai kisha kwenye kitambaa chepesi. Changanya na chakula kingine, maana dagaa pekee huchafua maji upesi. Kiini cha yai lililochemshwa hutajwa sana. Kinakuza kweli, nami nimekitumia, lakini kwa maji yetu ninakiogopa: koroga kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti kwenye kikombe cha maji, toa matone machache tu, na ubadilishe maji jioni hiyo hiyo. Moli na plati wanapenda majani pia. Jani moja la mchicha lililochemshwa hadi kulegea, likafungwa kwenye kijiwe, watalitafuna mchana kutwa. Litoe kabla ya usiku.

Chakula kinachokuza kuliko vyote ni artemia, vijidudu vya maji ya chumvi ambavyo mayai yake makavu huuzwa kwenye makopo. Ukiyapata, kata kitako cha chupa ya maji ya lita 1.5, igeuze mdomo chini ukiwa umefunga kifuniko, weka lita moja ya maji na gramu 25 hivi za chumvi (kijiko cha mezani kimoja na nusu), robo kijiko cha chai cha mayai, na mpira wa hewa ufike hadi chini kabisa. Washa taa jirani. Kwenye joto la nyuzi 26 hadi 28 hutotoka kwa saa 24 hadi 36. Wakati wa baridi hapa kwetu huchelewa usipopasha. Zima hewa kwa dakika kumi: maganda yataelea juu, mayai yasiyototoka yatazama, na artemia hai, rangi ya chungwa, watakusanyika upande wa mwanga. Wafyonze kwa mpira mwembamba, wachuje kwenye kitambaa, wasuuze kwa maji yasiyo na chumvi, kisha wape vifaranga. Ndani ya dakika tano kila kifaranga atakuwa na tumbo la rangi ya chungwa. Aliyebaki na tumbo jeupe mwangalie kwa makini, kwani huyo hali.

Viluwiluwi vya mbu ni chakula kizuri, ila ni vikubwa kwa kifaranga wa wiki moja. Vingoje hadi wiki ya nne au ya tano.

Kubadilisha maji bila kuwaua

Kila jioni, kabla ya mlo wa mwisho, fyonza sakafu ya chombo kwa mpira mwembamba wa pampu ya hewa, si bomba nene. Mwisho wa mpira uwe ndani ya kikombe cheupe, maana kifaranga mmoja wawili watapita nawe utawaona. Katika kufyonza huko utatoa sehemu ya kumi ya maji. Mara mbili kwa wiki ongeza hadi robo au theluthi. Kama sponji yako ni mpya, toa theluthi kila siku kwa wiki tatu za mwanzo. Inachosha, na hakuna njia ya mkato.

Maji ya kurudishia yalaze kwenye ndoo wazi saa 24 ili klorini itoke, na ukiyawekea jiwe la hewa (kijiwe cha kutoa mapovu kinachofungwa mwisho wa mpira wa pampu) ni bora zaidi. Usichote moja kwa moja kutoka tangi jeusi la juu ya paa. Saa nane mchana maji yake ni ya moto, alfajiri ni baridi, na kifaranga hastahimili tofauti ya zaidi ya nyuzi mbili kwa mara moja. Pima kwa kipimajoto. Rudisha polepole, kwa mpira mwembamba uleule, ndoo ikiwa juu ya kiti.

Jambo jingine ni upepo wetu. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu, na chombo kisichofunikwa kinapungua maji unayaona. Kinachopanda hewani ni maji matupu. Madini yote yanabaki. Ukijazia tu bila kutoa, ugumu unaongezeka wiki hadi wiki. Toa kwanza, ndipo ujaze.

Sponji ikijaa uchafu, ikamue ndani ya maji uliyoyatoa kwenye chombo. Ukiiosha bombani, klorini inaua bakteria uliowasubiri mwezi mzima.

Baridi na kukatika kwa umeme

Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai tunavuta blanketi, na chombo cha lita 20 hakina blanketi. Vifaranga wanataka nyuzi 24 hadi 27, zisizopandashuka. Hita ya wati 25 inatosha lita 20, wati 50 kwa lita 40. Bila hita weka chombo kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, kiinue kutoka sakafuni juu ya kipande cha styrofomu au maboksi, na ukifunike ubavuni kwa blanketi usiku. Kwenye baridi hawafi mara moja: wanaacha kula, wanadumaa, wengine wanabaki wakiteleza kwa tumbo sakafuni wasiweze kuinuka.

Umeme ukikatika, usilishe. Samaki mwenye njaa kwa siku moja anaishi, lakini chakula ndani ya maji yasiyozunguka kinaoza. Chota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kwa dakika chache kila nusu saa, au tumia pampu ndogo ya betri. Ikipita nusu siku, suuza sponji kabla ya kuwasha tena, kwani bakteria waliokosa hewa huwa wameanza kufa na kuoza.

Dalili za kutazama

Vifaranga wote wakiwa juu wanahema mdomo wazi, ni maji: toa nusu mara moja, rudisha yenye joto lilelile, na acha kulisha hadi kesho. Mapezi yakiwa yamebanwa mwilini, sababu kwa kawaida ni hiyohiyo au baridi. Vidoti vyeupe kama punje za chumvi ni vimelea; pandisha joto taratibu hadi nyuzi 29 au 30, ongeza hewa, na weka chumvi gramu 2 kwa lita iliyoyeyushwa pembeni kwanza, ukigawa kwa siku mbili. Samaki hawa wanastahimili chumvi vizuri. Mimea yako huenda isistahimili. Mwenye mgongo uliopinda hanyooki. Anaweza kuishi, ila usimwache azae.

Wiki ya nne: tenganisha jike na dume

Kwa gapi, majike huanza kuonyesha lile doa la nyuma ya tumbo katika wiki ya pili au ya tatu. Madume, pezi la chini nyuma ya tumbo linabadilika kutoka umbo la feni na kuwa jembamba kama kijiti, na rangi inaanza mkiani. Wakishafika wiki ya nne wakague kila siku na uwatenge, vinginevyo majike watapata mimba wakiwa bado wadogo na hawatakua sawasawa. Punguza milo hadi mitatu, na uwape nafasi: thelathini waliotosha lita 20 wakiwa wachanga, sasa wanataka lita 60 au zaidi.

Utakuwa nao wengi kuliko unavyohitaji. Wape majirani, wauzie wenye matangi, au watoto wa uzazi unaofuata waachie mama na wenzake wawapunguze wenyewe. Usiwapeleke bwawa la Hombolo, wala kwenye mto, hata msimu wa mvua unapokuwa umejaa. Gapi na jamaa zake wamewekwa kwenye maji ya nchi nyingi na wamewasumbua samaki wa asili, na jike mmoja mwenye mbegu za akiba anatosha kuanzisha ukoo mzima.

Wale unaobaki nao warudishe kwenye tangi kubwa wakishakuwa wakubwa kuliko mdomo wa samaki yeyote aliyemo, kwa kawaida wakiwa na umri wa miezi miwili hadi mitatu. Walishe kwanza wale wakubwa washibe. Waache wadogo waelee juu ya maji ya tangi wakiwa ndani ya mfuko kwa robo saa, ongeza humo maji ya tangi kikombe kimoja kimoja, zima taa, ndipo uwaachie. Taa usiiwashe tena mpaka asubuhi.